Mto Uliopimwa Aprili

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeamua. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini, na mimi nitampeleka kwa kayaki mpaka kwenye jiwe lake la kufulia. Alifulia hapo utotoni, kwenye ule mto mdogo nje ya mji. Kila mwaka anasema anataka kuliona kabla magoti hayajamgomea kabisa. Kila mwaka shemeji, kaka wa mke wangu, anaahidi kumpeleka kwa gari, wanafika kwenye uzio wa shamba la watu, wanageuza. Mto hauna uzio.

Sababu ya pili naiandika humu tu. Mwaka wa kumi na moja huu mama mkwe ananiita "fundi". Fundi, sogeza kiti. Fundi, umenenepa. Shemeji ni "mwanangu", sawa, amemzaa. Lakini muuza maziwa naye ni "mwanangu"! Inaniuma. Jumamosi hii nitaitwa mimi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimempigia Bwana Kasia, anayekodisha kayaki. Akauliza kama nimeuona mto hivi karibuni. Nikamwambia mto ni mto. Tena vipimo ninavyo. Miaka mitatu iliyopita, Aprili, tukienda harusini, basi lilipata pancha darajani. Wenzangu wakalalamika. Mimi nikashuka ukingoni na futikamba mbili nilizozifunga pamoja, mkasi mzito nchani. Kina, mita moja na sentimita themanini. Vimo kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa arobaini na moja, kati ya gauni la bi harusi na suruali ya mwalimu mkuu.

Bwana Kasia akauliza tena kama nimeuona. Watu wengine hawaelewi kazi ya daftari. Nimemwambia alete kayaki mbili darajani, saa mbili asubuhi.

Mke wangu naye akashauri tuchukue pikipiki kesho tukautazame. Nikamwambia mteja akishapimwa hafuatwi nyumbani.

Jumatano, 11 Septemba

Shemeji amekuja kibandani kuulizia suruali yake. Alitaka nimshonee kwa vipimo vya mwaka jana, eti ana haraka. Nilikataa katakata. Nikamweleza kwamba vipimo vya mwaka jana ni vya mtu mwingine, mwili hubadilika, na fundi anayeamini daftari la zamani ni fundi wa kushona magunia. Nikampima upya. Kiuno kimeongezeka sentimita saba. Nilizisoma kwa sauti. Wateja wawili walisikia.

Alinuna, kisha akasema kuhusu Jumamosi nisijisumbue, atazungumza na mwenye shamba afungue geti. Maneno hayo nayajua. Nikamwambia azungumze tu, atatukuta tumeshafika.

Alhamisi, 12 Septemba

Kayaki huhitaji uwiano. Nimechora mpango wa kukaa, nani mbele, nani nyuma, na kando ya kila jina kiuno na nyonga, kama vilivyo daftarini. Kazi safi. Nikaubandika sebuleni.

Mke wangu aliusoma, akaubandua. Alichelewa. Mama mkwe alikuwa ameshaketi chini yake nusu saa nzima. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa, ni lini alimtuma fundi atangaze nyonga zake. Chai hakuigusa. Nimeomba radhi mara tatu. Amesema atafikiri kama anakuja.

Ijumaa, 13 Septemba

Jaketi za kuokolea za Bwana Kasia zina saizi moja. Aibu. Nimeshona zangu mbili, kitambaa cha pazia, sponji ndani, mikanda minne. Zimekaa mwilini kama koti la mkuu wa mkoa.

Mke wangu aliuliza mambo mawili. La kwanza, sponji si hufyonza maji? Nikamjibu kwamba tutakuwa juu ya maji, si ndani yake. La pili, sponji imetoka wapi? Hilo amelijua mwenyewe alipokaa kitandani.

Mama mkwe ametuma ujumbe. Anakuja kwa ajili ya jiwe, si kwa ajili ya fundi. Inatosha.

Jumamosi, 14 Septemba

Tulifika darajani saa mbili kamili. Chini ya daraja palikuwa na mchanga. Katikati ya mchanga maji yalipita, nayo yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Niliteremsha futikamba. Sentimita kumi na moja.

Bwana Kasia alikaa juu ya kayaki zake akaanza kumenya chungwa. Mke wangu alisema turudi nyumbani. Nikamtazama mama mkwe, ameshavaa jaketi ya pazia, ameshika mkoba kifuani, anaangalia kule mto unakokunja kona. Moyo uliniuma kwelikweli. Nikamwambia aketi.

Nilifunga mikanda ya jaketi yangu kwenye pua ya kayaki, nikamvuta. Miaka sabini na nyonga nisizozitaja, juu ya mchanga, karibu mita mia tatu. Mke wangu alisukuma kwa nyuma huku akitaja ndugu zangu wote wenye akili. Mama mkwe alianza kucheka kwenye kona ya kwanza na hakuacha.

Kwenye kona ya pili palikuwa na shimo. Dimbwi moja tu katika mto mzima, na nililipata mimi. Maji yalinifika shingoni. Sponji ikanywa yote, nikawa mzito, siinuki. Hapo mama mkwe akanyoosha kasia.

"Shika hapa, mwanangu! Shika!"

Nilishika. Nilikaa kwenye lile dimbwi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jiwe lipo. Juu yake alikuwa ameketi shemeji, na chupa ya chai na kiti cha kukunja. Mwenye shamba alifungua geti alipoombwa mara moja tu. Mama mkwe alivua viatu, akaweka kiganja kwenye jiwe, akakaa hivyo. Shemeji alimmiminia chai. Wao walirudi kwa gari. Mimi nilirudisha kayaki.

Jumapili, 15 Septemba

Mgongo haukunjiki. Tumelala juu ya mbao.

Shemeji amechukua suruali, imemkaa barabara. Akakiri nilifanya vizuri kumpima upya. Nikamwambia ndiyo tofauti ya fundi na mbahatishaji.

Mama mkwe amepita jioni. Ameniita mwanangu mbele ya muuza maziwa. Kisha akasema kuna bwawa nyuma ya kilima, zamani alikuwa akivua samaki pale na baba yake. Mke wangu amenikanyaga mguu chini ya meza, akasema safari hii twende kwanza tukalitazame.

Kulitazama kwa nini? Nilipita pale mwaka wa mafuriko. Vipimo vyake viko ukurasa wa kumi na tisa. Nimeshampigia Bwana Kasia alete boti kubwa.