Madumu Chini ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi
Redio imetangaza: serikali imepunguza ushuru wa mafuta kwa muda, wananchi wapate kupumua. Kinyozi wa jirani kashangilia, ana jenereta. Akaniuliza mimi nisiye hata na baiskeli nachekea nini. Mjinga! Ushuru utarudi, bei itapanda. Mwenye akili ananunua leo, anauza kesho. Fedha ya mabati ya paa nimeigeuza petroli, madumu yote chini ya kitanda. Mke wangu akauliza ni harufu gani hiyo. Nikamwambia dawa ya kunguni.

Jumatano, 6 Machi
Jambo moja lilinipita: nyumba yetu ni chumba kimoja, na jiko limo humo humo. Nimepiga marufuku moto. Kiberiti nimekificha kiatuni. Mke kaenda kuomba chai kwa kinyozi, na kwa ulimi wa kinyozi, mtaa mzima sasa unajua hatupiki. Tunakula mkate mkavu. Mkate wenyewe umepanda bei.

Ijumaa, 8 Machi
Mke kaburuta dumu moja hadi penye mwanga, kafungua, kanusa. Akafunga nguo zake.

“Mzee, nilikubali kuzeeka na wewe,” akasema. “Kuungua sikukubali.”

Kaenda kwa binti yetu. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumapili, 10 Machi
Mvua. Paa linavuja juu ya mto wake. Kichwa kinaniuma kwa harufu. Nimeisemesha sufuria, haina habari nami. Nikajishusha kwa kinyozi, nikamsihi anunue japo dumu moja. Akacheka hadi akamkwaruza mteja sikio. Kituo cha mafuta kiko pale kona, akasema, na bei yao iko chini ya yangu.

Jumatano, 13 Machi
Redio tena. Punguzo limeongezewa muda, na bei imeshuka zaidi! Binti kaja, kasimama mlangoni, hakuingia. Eti mama yake atarudi siku madumu yatakapotoka. Eti kila jioni anauliza kama nimekula. Na kinyozi, kwa kumhurumia mama wa watu, yuko radhi kuyachukua yote leo hii kwa bei ya kituo.

Nusura nikubali.

Lakini bei ikishuka ndipo mtu hununua, hata mtoto anajua. Redio nimeiuza. Haikuwa na faida, kila ikifungua mdomo ni hasara. Upande wa mke kitandani uko wazi. Nimeupima kwa shubiri. Yataenea madumu manne.