Njooni Mpande Miti

Jumatatu, tarehe 3

Dada ametoa amri. Hadi Jumapili jioni msitu uzae kitu, la sivyo anaupangisha kwa mfyatua matofali. Ekari nne za marehemu baba! Yule bwana atakata kila chenye jani akitie motoni. Tangu leo jina lake ni Tanuri.

Dada naye ana sababu. Bati limetoboka juu ya kitanda chake. Mvua ikinyesha hulala amekumbatia sufuria. Hati ya msitu iko sandukuni mwake, ufunguo shingoni mwake. Shingo hiyo naijua miaka sabini. Haipindi.

Tanuri kapita asubuhi na chaki. Kaniita babu. Tumepishana miaka sita! Kachora duara kwenye mvule wangu. Baba aliupanda mvule ule siku niliyozaliwa. Yeye aliupanda mara moja, mimi nimeupanda mara elfu. Nimelifuta duara kwa kofia. Kofia ndiyo basi tena.

Jumanne, tarehe 4

Uyoga! Nimeokota kapu zima, nikaketi njia panda. Kila mteja alitaka nionje kwanza. Nimekataa. Mwingine sikuwa na hakika nao, na uhai bado naupenda. Biashara imekufa, mimi nipo.

Dada kauliza nimeuza nini. Nikamwambia soko linanizoea taratibu. Akasema Jumapili haizoei mtu.

Jumatano, tarehe 5

Nilikuwa juu ya mvule, nikimkwepa Dada. Wazo likanijia hukohuko. Juu kule unaona mto, soko, na Dada anayekutafuta. Watu wa mjini wanayajua haya? Wapi! Hukaa ofisini mpaka makalio yanashika umbo la kiti. Waje wapande! Watoe chochote.

Nimeandika kibao kwa rangi iliyobaki ya mlango: NJOONI MPANDE MITI. JUMAMOSI ASUBUHI. MCHANGO WENU NI MUHIMU. Shule niliiacha darasa la nne kwa makubaliano: mwalimu alikubali, nami nikakubali. Lakini herufi zangu zimesimama wima kama askari. Nimekichomeka mbele ya lango la shule.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeazima kamba kwa mgema. Ndiye mtu pekee ninayemjua anayekula kwa kupanda. Kasoma kibao, kacheka, kasema namwingilia kazi. Kamba inanuka tembo lililochacha.

Nikapanda mvule kuijaribu. Ikanasa. Nikawa naning'inia kama mkungu wa ndizi. Mara chini yangu, nani? Tanuri na dereva wake wa lori!

Nimesikia yote. Tanuri hangoji Jumapili. Lori laja Jumamosi asubuhi, kwa ule uwazi usio na miti upande wa juu, penye mvule, maana kwingine halipiti. Mvule kwanza. Ukishalala chini, alisema, yule mama atatia saini tu. Mti haurudishwi kwa gundi. Dereva akauliza je, babu hatapiga kelele? Akajibiwa babu ana mdomo, hana meno.

Ninayo tisa!

Nilishika pumzi. Kiatu kimoja hakikuishika. Kikaanguka puu! Tanuri akasema ni tumbili. Sijawahi kushukuru kutukanwa hivi.

Ijumaa, tarehe 7

Nimemweleza Dada. Kauliza nilisikiaje. Nikasema nilikuwa naning'inia mtini. Ushahidi wangu ukaishia hapo.

Mchana kaja mwalimu mkuu. Kibao kimemgusa! Analeta wazazi na watoto, watu sitini. Kauliza kama maji yapo karibu. Nikasema yapo, kazi hii inatia kiu. Kauliza udongo ukoje. Nikasema laini kabisa, mtu asiogope. Kasema mimi ni mzee mwenye kuona mbali. Nikakiri: toka pale juu, mbali sana.

Dada alipozisikia sifa kaguna kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui mgema anahusikaje. Kamba nimeazima tu.

Usingizi hauji. Lori, saa ngapi?

Jumamosi, tarehe 8

Alfajiri nimepanda mvule, kamba kiunoni, niwe mfano. Kamba ikanasa palepale.

Watu sitini! Lakini mbona majembe? Mbona ndoo? Mbona kila mtoto kabeba kimti kwenye kifuko? Nikadhani ni zawadi. Wakainama karibu na lango la msitu, wakaanza kuchimba! Mgema peke yake alikuja na kamba. Akawatazama wao, akanitazama mimi, akakaa chini kucheka.

Nikapaza sauti: pandeni! Wakanipungia mkono, wakasema si ndiyo wanapanda, babu? Nikapiga ukelele: siyo huko! Juu! Pandeni huku juu! Mwalimu akapuliza filimbi. Wote na ndoo zao wakahamia juu, uwazini.

Ndipo nikasikia mngurumo.

Tanuri kasimama kwenye ngazi ya mlango wa lori, msumeno mkononi. Njia nzima watoto wamepiga magoti. Akaamuru honi. Hakuna aliyeinuka. Akamwambia dereva apite, hayo ni majani tu. Lori likasogea. Hatua moja. Ya pili. Nami juu, nimefungwa kama mzigo!

Mtoto mmoja wa kike hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anashindilia udongo, tope hadi viwikoni. Akasema tu: baba, usiukanyage mti wangu.

Dereva akazima gari.

Tanuri akaruka chini, akaja na msumeno wake mbio hadi kwenye mvule. Nikauhisi mti unatetemeka. Au ni mimi. Meno ya msumeno yalikuwa yameshagusa ganda, ndipo akatokea Dada. Hakupiga kelele. Aliuliza leo ni siku gani. Tanuri akajibu Jumamosi, mama. Dada akamwambia hata tofali hukaushwa kabla ya kuchomwa, na mwenye haraka huvuna vipande. Sanduku halifunguki, leo wala kesho. Aende.

Akaenda.

Kisha Dada akatazama juu, akauliza huyo ni nani. Nikasema tumbili.

Mgema ndiye aliyenishusha.

Jumapili, tarehe 9

Mwalimu kaja na mabati. Yalibaki walipojenga darasa. Shule inataka ule uwazi uwe kitalu cha miche, na kila muhula italeta kodi yake. Fundi ameshapanda juu ya nyumba, anagonga. Dada kajilaza kitandani kupima, sufuria kairudisha jikoni. Dada kaniachia msitu mwaka mzima!

Nimewaeleza wote kwamba nilipanga hivi tangu mwanzo. Mwalimu kaamini. Dada kasema neno "kupanda" lina mambo mawili. Nikamwambia tatizo ni masikio ya watu. Mimi niliandika wazi. Kaniapisha: nisichomeke tena kibao cha kupanda kabla hajakisoma. Nimeapa.

Lakini nyuma ya chemchemi kuna gogo. Ukilitazama kwa upande, tembo mtupu! Mkonga, masikio, hata tako. Watu watakuja toka mbali. Na hiki si kibao cha kupanda, kiapo hakikigusi. Nilitaka kuandika "tembo wa gogo", ila rangi imekwisha. Hivyo tu: JUMAPILI IJAYO MSITUNI. TEMBO. WAZEE BURE.

Nimekichomeka sokoni. Maajabu! Watu wamejaa kabla ya rangi kukauka. Mgema kaninunia, hata kamba kaidai. Wazee wengine wanauliza waje na vikombe. Nikasema waje na chochote, chemchemi ipo. Mmoja kauliza kama itaruhusiwa kubeba kidogo nyumbani. Nimecheka mpaka nikashika ubavu.

Nimemwambia akiweza kubeba, achukue yote.