Makomamanga Sitini Ndani ya Furushi

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta mpya imefika! Mwanangu Davron ameituma kutoka Urusi anakojengea watu nyumba. Nyembamba kama sinia. Ile ya zamani ina matako makubwa na inakoroma kama marehemu mume wangu. Siku yoyote itakata roho.

Na ndani yake mna michoro sitini ya mama mkwe wangu. Maua, majani, makomamanga. Ya kutarizi suzani, nguo ambayo bibi harusi wa kwetu Nurota haendi kwa mumewe bila kuwa nayo. Karatasi zenyewe zililiwa na panya. Davron alikuwa amezipiga picha, akazifunga zote furushi moja humo ndani. Kwingine hazipo.

Jumapili wanawake wanakuja kugawana vipande vya suzani ya mjukuu wangu Nozima, kila mmoja akatarizi chake. Harusi ni Oktoba, na sindano haina mbio. Kwa hiyo michoro ihame wiki hii.

Shoira, mke wa Davron, karani wa shule, anasema ataihamisha kabla chai haijachemka. Nimemwambia asiguse. Mtu aliyenipikia pilau ya majimaji siku ya pili ya ndoa yake hawezi kunifundisha kazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefukiza mashine zote mbili, kijicho kisiziingie. Mpya imepiga chafya ya taa ya kijani, ikazima, ikawaka tena. Ishara njema.

Karomat jirani kaja kuazima chekecheo. Ana machekecheo matatu huyo! Kaziona mashine zimekaa ubavu kwa ubavu, akauliza: “Dada Hosiyat, unaziozesha?” Kisha akaniambia kwamba michoro yake ilihamishwa na mpwa wake tangu mwaka juzi. Miaka thelathini anayamezea mate makomamanga ya mama mkwe wangu. Nikamwambia yangu ilihama jana. Akasema basi Jumapili ataiona yote. Akasahau chekecheo.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata hila. Nimemwita Shoira, nikamwambia ninampima kama anajua kweli. Masikini, kanionyesha kila kitu! Unachomeka flashi, unabonyeza hapa, furushi linaingia, asilimia zinapanda. Zikifika mia, unachomoa, unachomeka kwenye mpya. Akasisitiza: “Mama, zisipofika mia usichomoe. Na ya zamani usiifute mpaka tufungue kule tuone.” Nikamjibu nilikuwa nayajua yote, na kwamba matamshi yake hayako wazi.

Alhamisi, 7 Machi

Shoira kazini. Nozima kwa fundi cherehani. Mimi na mashine.

Asilimia zilipanda polepole kama bibi kizee mlimani. Tisini. Tisini na tano. Hapo nikakumbuka. Nurota hii nani anamaliza kazi yote? Kila suzani tunaacha jani moja bila uzi. Mwenye kumaliza kila kitu ameifunga nyumba yake: harusi hiyo ndiyo ya mwisho. Na mimi nina wajukuu wengine wawili hawajaolewa! Karani wa shule angelijua wapi hilo?

Zilipofika tisini na saba nikasema bismillahi, nikachomoa.

Nimechomeka kwenye mpya. Furushi lipo, na jina lake lipo. Nikarudi kwenye ya zamani nikafuta yote, na pipa la taka nikalimwaga. Karomat asije akaokota makombo. Nimelala mchana kama malkia.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Shoira kaletewa maua. Mimi nimeletewa balaa.

Furushi halifunguki. Nimelibonyeza mara arobaini. Linasema limeharibika. Nimeilaumu mashine, nikayalaumu maua, nikamlaumu Davron kwa kuzaliwa. Sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia Shoira kwamba mashine yake imekula michoro. Kaniuliza nilichomoa kwenye ngapi. Nikamwambia chumvi ya jana ilizidi kwenye supu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Kabeba ile matako makubwa kwa fundi wa sokoni. Fundi kapata nusu komamanga na kidole gumba cha Davron kilichoingia kwenye picha. Nikasema, lakini zimepungua asilimia tatu tu, jani moja! Shoira kanieleza kwamba furushi si nguo: likikosa mwisho wake, halifunguki hata kidogo. Hata ua moja? Hata ua moja, Mama.

Mama mkwe alinitesa miaka kumi na tisa, lakini mkono wake ulikuwa mkono. Sasa haupo duniani. Nimeuzika mimi, kwa bismillahi. Nozima kanikumbatia akasema hata suzani ya dukani itafaa. Ya dukani! Nililia mpaka kilemba kikalowa.

Jumapili, 10 Machi

Wanawake sita, vitambaa vyeupe, hakuna mchoro. Karomat kaja na suzani yake, akasema kwa sauti ya asali: “Nakili kwangu, dada, jirani hanyimi jirani.” Heri kufa! Nimeshika kalamu, nikachora mwenyewe kwenye karatasi, kwa kumbukumbu. Komamanga limetoka kama kitunguu. Karomat kasema ni zuri, kwa wapenda kachumbari.

Lakini Nozima kaliangalia muda mrefu. Akasema anataka hilo hilo, kwa sababu ni la bibi yake. Mimi nikatazama dirishani, kuna vumbi.

Shoira kalipiga picha kwa simu na kuituma kwenye mashine. Akataka tuifungue kwanza tuhakikishe, halafu tuhifadhi na karatasi. Nikamwambia chai ya wageni inapoa. Kwenda jikoni tu, nikaitia karatasi kwenye tanuri ya mkate, ikawaka vizuri. Karomat aibe nini sasa?