Malalamiko Dhidi ya Roboti Anayemuuliza Mgeni Kama Anataka Chai

Ramlo Guled,
Mpika Chai, Ukumbi wa Wageni,
Garissa.

Kwa Mkurugenzi, Mradi wa Roboti Mhudumu

Ndugu Mkurugenzi,

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima, pamoja na jamaa zako na mifugo, kama unayo. Mimi si mzima. Roboti wako ananifukuza kazi, na bado hajaundwa hata skrubu moja. Yumo ndani ya kompyuta tu, wahandisi wanamwita modeli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Modeli inamuuliza mgeni, "Unataka chai?" Huku mgeni haulizwi, anawekewa. Ukimuuliza atakataa, kwa sababu ana adabu. Walimjaribu Mzee Salat, aliyetoka Tarbaj alfajiri bila kula kitu. Akajibu, "Hapana, alhamdulillahi, nimeshiba," macho yakiwa kwenye birika langu. Kompyuta ikaandika: ameshiba.

2. Wageni arobaini waliulizwa, arobaini wakakataa. Modeli ikaamua kwamba watu wa Garissa hawanywi chai. Nimepika hapa miaka kumi na tisa. Nani alikuwa akinywa, mbuzi?

3. Kwa kuwa chai haitakiwi, wakamwondolea roboti mikono kwenye michoro. Kisha miguu, maana hana cha kupeleka. Sasa mhudumu wenu ni mdomo utakaosimamishwa mlangoni kuuliza watu kama wana njaa.

4. Jumatatu nimeandikiwa kwamba mpika chai hahitajiki, nirudishe birika. Hili limeniuma sana, Mkurugenzi. Wanangu watatu wanasoma kwa birika hilo.

Kwa hiyo naomba modeli yote ifutwe, pamoja na michoro yake. Kujua njaa ya mtu anayesema ameshiba ni kazi ambayo mashine haifundishiki, na mimi sitaketi meza moja na watu wanaojaribu kuifundisha.

Wasalimie mama yako, majirani, na hata wahandisi.

Ni mimi, mwenye uchungu na birika lake,
Ramlo Guled

Tanbihi: Wahandisi wamepita hapa sasa hivi. Wameniuliza kama nataka kazi ya kudumu ya kumfundisha roboti desturi za huku. Nikasema hapana, asanteni, nina shughuli nyingi. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Tafadhali wapigie simu kabla hawajavuka daraja la Tana. Warudi, wasiniulize tena, wanipe tu.