Mpaka wa Binamu

Asali alikuwa amejificha nyuma ya gazeti la juzi mgahawani, kikombe kimekauka zamani, aliposikia mwanamke wa meza ya nyuma akisema, "Nikishavuka mpaka tu, dada yangu atanisubiri chini ya mnara wa bandari ya zamani. Miaka yote hii naisikia sauti yake kwenye simu tu."

Gazeti likashuka polepole. Mtu mwingine hapo angesikia huzuni. Asali alisikia nauli.

Jina lake halisi lilijulikana kwa mama yake na polisi tu. Wengine wote walimwita Asali, kwa sababu ya ulimi.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingilia maongezi. Umetaja mpaka? Mimi ndiye mpaka wenyewe."

Mwanamke yule, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alimkagua kuanzia viatuni. "Marahaba, baba. Hilo koti linakubana makwapani."

"Ni heshima inayobana, mama. Sikiliza. Alfajiri tunaondoka, jioni mko nyumbani. Ng'ambo kuna miji mikongwe ya pwani: ngome, mizinga, milango ya nakshi. Pasipoti waachieni wasiojuana na watu. Mimi nina kibali cha kundi."

"Na dada nitamwona kweli?"

"Mama, utamwona mpaka umchoke!"

Mwenyekiti alicheka, kisha akafuta macho. Asali, ambaye machozi ya watu yalimpa njaa, aliagiza maandazi.

Ukweli ni kwamba Asali hakuwahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa wa adabu. Mpango ulikuwa rahisi: binamu yake angefunga kamba kwenye barabara ya zamani ya machimbo, avae sare, agonge mihuri, apokee ada. Halafu basi lizunguke nyuma ya vilima na kuwashusha kwenye maghala ya chumvi yaliyobomoka, pwani ileile ya nyumbani, na hayo ndiyo yangeitwa historia. Dada? Dada angekuwa amepata dharura.

"Jengo lipo?" alimuuliza binamu.

"Lipo. Nimelipaka rangi mwenyewe."

"Sare?"

"Kitambaa kiko kwa fundi. Nimemwambia tunafanya mchezo wa kuigiza, mpaka wa uongo barabara ya machimbo."

"Safi. Mimi siji kukagua. Mkubwa haonekani eneo la kazi."

Falsafa hii nzuri ndiyo iliyomponza.

Siku ya safari alisimama mbele ya basi, kipaza sauti mkononi, uso kwa abiria na mgongo kwa barabara, kama waongoza watalii wote wanaojiheshimu.

"Mji tunaokwenda ulijengwa na sultani aliyechukia kelele."

"Sultani gani huyo?" aliuliza shangazi mmoja mwenye miwani.

"Yule wa tatu."

"Wa tatu kati ya wangapi?"

"Shangazi, wafalme hawahesabiwi kama mayai."

Walipofika njia panda, mwenyekiti alimwinamia dereva na kumnong'oneza. Dereva akaiacha barabara ya machimbo, akakata kushoto. Asali wakati huo alikuwa anamzika sultani, hakuona kitu.

Basi liliposimama, aligeuka na kuduwaa. Mbele yake palikuwa na kizuizi cha chuma, bendera, foleni ya malori, na mbwa akinusa mizigo.

"Binamu!" alinong'ona kwa mapenzi. "Umeajiri hadi mbwa!"

Fahari ikampanda kichwani. Kwa kuwa kila kitakacholipwa hapa kingerudi kwake jioni, ukarimu nao ukampanda. Akavua mkoba wenye michango yote ya safari.

"Mama mwenyekiti, mimi si mtu wa kushikashika fedha za watu. Chukua, ulipe mwenyewe."

Mwenyekiti aliupokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, baba."

Asali akatangulia dirishani. "Hongera, kaka! Sare imekukaa! Walikuokota wapi wewe?"

"Pasipoti," alisema ofisa.

"Na sauti! Hebu sikia sauti hiyo!" Asali akakonyeza. "Watoze akina mama mara mbili. Jioni tunagawana."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Tunagawana nini?"

"Usizidishe, kaka, hawatusikii."

Nyuma yake mikoba ilifunguliwa, na kila mama akachomoa pasipoti. Asali akageuka.

"Hizo mmezitoa wapi?"

"Uhamiaji," alijibu shangazi wa miwani. "Ya kwako iko wapi?"

Basi lilivuka. Asali alibaki kwenye benchi ndani ya kituo, mbwa akimlinda.

Mchana mlango ulifunguliwa, akaingizwa binamu ndani ya sare yake mpya.

"Umefanya nini wewe?"

"Kazi uliyonituma. Nilisimamisha gari, nikaomba pasipoti."

"Gari la nani?"

Binamu aliuelekezea kidevu mlango ulioandikwa Mkuu wa Kituo.

Jioni basi lilirudi. Mwenyekiti alishuka ameshikana mkono na mwanamke mwenye pua kama yake, aliyemsindikiza hadi mpakani kwa kukataa kumwachia. Macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na bado walikuwa wanacheka. Wakaingia pamoja kwa mkuu wa kituo.

"Ni wapumbavu, afande," ilisikika sauti ya mwenyekiti, "lakini ni wapumbavu wetu."

Mkuu, aliyekuwa amewafagilisha uwanja mzima na kuwaamuru wamwogeshe mbwa, aliwaachilia kwa onyo kali. Sare ilibaki. Kabla binamu hajaivua, mwenyekiti alimgeuza, akavuta mshono wa bega.

"Hapa pameshuka. Si nilikwambia uje ujaribu kwanza kabla ya mchezo wenu?"

Asali alimtazama binamu. Binamu alitazama viatu vyake.

Wakarudi kwenye basi, binamu akiwa na fulana tu, Asali kiti cha nyuma kabisa. Njia nzima akina mama walimsimulia kiongozi wao safari aliyoiongoza: ngome, mizinga, milango, na dada aliyeukimbilia mlango wa basi kama msichana mdogo. Asali alisikiliza. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulipumzika.

"Mama," aliuliza taratibu, "huo mnara ni mrefu kweli?"

"Kapige picha ya pasipoti, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Tukienda tena utauona. Ila koti uniletee kwanza nilipanue."