Kitukuu Wangu Hapandi Korola

Jumatatu, 2 Juni 2014

Sekela kajifungua! Mvulana! Mjukuu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, leo naye ni mama. Nimepiga vigelegele mpaka dereva wa lori lililokwama kwenye foleni ya mpakani akanijibu kwa honi. Mwandiko unaruka. Shule sikuingia, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa nanyonyesha, na furaha inaziharibu zaidi.

Wamempasua. Hospitali, Mbeya. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nikalia. Nikanyamaza. Nikaanza kupanga.

Mpango wenyewe huu. Uzazi wa kwanza, mama hukaa arobaini kwao. Kwao ni kwangu, hapa Tunduma. Mbonile, kitinda mimba wangu, ana pikapu mpya ya milango minne, viti bado vina nailoni. Jumamosi Sekela anaruhusiwa. Tunamchukua na pikapu, mtaa mzima unaona, napokea kitukuu wangu mlangoni. Kwisha.

Jioni, simu. Mama Ayoub wa Chapwa, mama mkwe wa Sekela. Sauti ya asali. Eti mkwe, usijisumbue na umri huo, Korola yangu itamleta, arobaini atakaa kwangu, chumba nimeshakipaka rangi.

Umri huo! Rangi! Nikampa hongera ya rangi. Nikakata simu. Nikautukana ukuta, maana ndio uliokuwa karibu.

Jumanne, 3 Juni

Aibu tupu.

Mbonile kanipeleka Mbeya kumwona mtoto. Lami nzuri, gari jipya, mimi mbele na kitenge kipya. Tulipoiacha Mpemba spidi ikafika themanini, gari likaanza kutetemeka. Si mchezo! Usukani ukamrukia Mbonile mikononi kama kuku aliyeona kisu. Mashavu yangu yakacheza bila ruhusa. Chupa ya uji wa pilipili manga ikajifungua yenyewe mapajani mwangu. Tukipunguza, linatulia. Tukiongeza, linaanza tena. Basi tukaenda mwendo wa maiti, malori yote ya Kongo yanatupita.

Karibu na Mlowo ikatupita Korola nyeupe. Kongwe kuliko Ayoub mwenyewe, mume wa Sekela. Inateleza kama paka kwenye zulia. Ndani Mama Ayoub. Akapunga mkono! Meno yote nje, lile la dhahabu likiongoza msafara.

Nilipofika, kitanda kina shuka lake. Uji ulionyweka ni wake. Na mtoto yuko mikononi mwake. Nikampokonya kwa heshima. Jamani, mtoto! Paji la uso la kwetu kabisa. Mama Ayoub akadai ni la kwao. Kwao hawana paji, nywele zao zinaanzia kwenye nyusi.

Tukaanza kuvutana palepale, kila mmoja kashika pembe ya kanga ya mtoto. Sekela akatunyamazisha. Akasema nesi kakataza jeraha lisitikiswe. Akasema yeye atapanda gari lisilotetemeka, na litakapomfikisha ndipo atakapokaa arobaini, na tukimgombania kama nyanya za gulioni atabaki wodini.

Mama Ayoub akatabasamu. Mimi uji ulikuwa unanikauka mapajani.

Jumatano, 4 Juni

Gereji, asubuhi na mapema. Fundi Andongwisye kalizunguka gari, kagonga, kasikiliza, kaguna kama mganga. Akasema ni propela. Baadaye si propela, ni shokapu. Baadaye akasema gari jipya halina adabu, likikua litaacha. Mwishowe akataka kwanza lioshwe chini, kwa sababu haoni kitu kwa tope.

Nikamwambia athubutu!

Udongo ule ni wa Kamsamba. Mwezi uliopita pikapu iliteremka kule kuleta mpunga wangu, ikazama hadi tumboni, ikavutwa na ng'ombe wa Mhoja, Msukuma jirani wa shamba langu. Toka siku hiyo kinaoshwa kioo tu. Mji huu kila mtu ana gari safi, na gari safi halina habari. Gari lenye udongo mweusi wa Kamsamba magurudumuni, hilo lina shamba nyuma yake. Mama Ayoub ananunua mchele kwa kilo dukani. Nataka kila akipita auone udongo huo ulivyokauka, naye akauke.

Andongwisye akabadilisha tairi tu, za mbele nyuma, za nyuma mbele. Tukalijaribu barabarani. Usukani kimya! Nikapiga kigelegele. Sijakimaliza, kiti kikaanza. Mtetemo umehama mikononi mwa Mbonile umekuja makalioni kwangu. Nimerudi nyumbani natembea kama niliyepanda punda mwenye kisirani.

Alhamisi, 5 Juni

Niliamka na akili. Kitu chepesi ndicho hutetemeka. Kizito hutulia. Nani kaona jiwe la kusagia likitetemeka?

Tukapakia magunia ya mpunga nyuma. Mbonile ananung'unika, mimi nasukuma. Hadi Vwawa. Gari likatetemeka na magunia yakatetemeka nalo. Moja likapasuka. Kuku wa Vwawa leo wana sikukuu, na watu wakasimama kutuchekea, mpunga unatufuata nyuma kama mkia.

Mbonile akasema eti mama, tukubali tu, Korola imlete. Nikamwuliza yeye alizaliwa na nani. Akageuza gari.

Tukirudi nikapitia Chapwa kusalimia. Yaani kuikagua Korola. Haina kasoro! Nikaipiga teke tairi yake kidogo, kuijaribu tu. Kidole kikavimba. Mama Ayoub akatoka mbio, akanikalisha, akanifunga kidole kwa kitambaa safi, akaniletea chai ya tangawizi. Chai tamu. Imeniudhi sana. Akanionyesha na chumba. Rangi ya kijani, kama majani ya maharage asubuhi. Chandarua kina lesi. Lesi! Wivu ukanipanda mpaka nikaondoka bila kuaga, na kikombe chake mkononi.

Niseme ukweli hapa, maana mtu wa kumwambia sina. Naogopa. Sekela nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukashika umbo lake. Akikaa arobaini kule, mtoto atafumbua macho amzoee Mama Ayoub. Harufu yake. Wimbo wake. Mimi nitakuwa yule bibi wa siku ya sikukuu, anayeambiwa mtoto, msalimie, naye anajificha nyuma ya sketi ya mwingine.

Haiwezekani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata! Nimepata! Wangenipeleka shule ningekuwa waziri.

Nilimpigia Mama Ayoub. Nikamwambia wakwe ni watu wa kupeana. Kesho wewe na Ayoub mpande pikapu yetu mpya, mfaidi. Mimi na Mbonile tutajibanabana humo kwenye Korola. Kikombe chako pia nakirudisha.

Akalia. Kweli kabisa, alilia! Akasema toka ndoa ya watoto wetu alijua simpendi, kumbe moyo wangu ni mkubwa hivi. Nikaona haya kidogo, haya ya ukubwa wa punje ya ulezi. Ikapita.

Mchana Ayoub akaja na Korola. Kijana mpole, kidevu cha mama yake, si kosa lake. Akauliza pikapu inaendaje. Nikamjibu atajionea mwenyewe. Mbonile akafungua mdomo. Nikamkanyaga kwa mguu wenye kidole kizima.

Ayoub kaondoka na pikapu, Korola iko uani kwangu. Nimekaa ndani yake jioni yote bila kwenda popote. Kiti laini jamani! Mtu kama mimi ndiye anayestahili kiti hiki. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama nina wageni.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nilie au nicheke. Niandike polepole.

Tulitoka asubuhi. Korola inateleza, mimi mbele kama mke wa mbunge. Nikamwambia Mbonile asikimbie, wenzetu wako nyuma wanatetemeshwa hadi meno, la dhahabu litawatoka kabla ya Vwawa. Tulifika karibu na Mbalizi.

Wuuu! Gari likatupita kama upepo. Pikapu ya bluu, inang'aa kila mahali. Nikasema tazama gari la watu wenye adabu. Mbonile akasema mama, hilo ni letu.

Nilikuwa nimesahau kuwa ni la bluu.

Mama Ayoub akapunga mkono. Kilemba kimekaa sawa. Hakitikisiki hata ncha.

Hospitalini Ayoub akaeleza bila kuulizwa. Eti kwao gari la mkwe haliendeshwi likiwa chafu, ni matusi. Jana mama yake alijifunga kanga kiunoni, wakaliosha wawili, juu na chini. Ndani ya rimu wakakuta udongo umekauka kama tofali, wakauchokoa kwa bisibisi. Gurudumu moja lilikuwa limejaa upande mmoja tu. Eti uzito wa upande mmoja ndio unaolitupa gurudumu likienda kasi, kama mtu anayekimbia na kiatu kimoja. Nikamwambia asinifundishe. Udongo wa Kamsamba unaotesha mpunga, hautikisi magari. Ni zile tairi za Andongwisye, zilichelewa tu kukubali.

Mbonile akatazama dari.

Sekela akatoka, hatua za kinyonga, mkono tumboni. Mwanangu! Kakonda! Nikamfungulia mlango wa Korola. Akajaribu kuketi. Korola iko chini mno, kuiingia ni kuchuchumaa. Akapiga kelele, akanishika bega, machozi yakamtoka. Pikapu ina kikanyagio na kiti cha juu. Ayoub akamwinua taratibu, akaketi bila kujikunja, akapumua. Akasema hili.

Hili!

Mama Ayoub akaingia pembeni yake, mtoto mapajani. Nailoni za viti zikalia chwakachwaka, nailoni za kwetu. Mimi nikabaki kwenye Korola laini, namtazama kitukuu wangu akienda Chapwa kwenye rangi ya kijani, ndani ya gari letu wenyewe, nililolitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nililia toka Mbalizi hadi Vwawa. Mbonile akauliza anifungulie redio. Nikamwambia aendeshe, mpumbavu yeye, halafu nikamwomba leso.

Nikasubiri pikapu ichepuke kuelekea Chapwa. Haikuchepuka. Nikafuta macho. Ikanyoosha, ikapita mbele ya maduka, ikaenda kusimama mlangoni kwangu.

Mama Ayoub akashuka na mtoto. Akasema kitu cha mkwe hurudishwa kwa mwenyewe, na hakirudishwi kitupu. Akaniwekea kitukuu mikononi.

Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto, nikamlowanisha kilemba kwa machozi. Majirani wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, Paskalina, huyu mwanamke ni dhahabu mpaka ndani, si jino peke yake. Utamheshimu mpaka siku unaingia kaburini.

Ndipo Ayoub akafungua nyuma ya pikapu. Godoro. Chandarua chenye lesi. Jiko la mkaa. Sufuria. Kuku watatu.

Nikauliza ni vya nani. Mama Ayoub akasema ni vyake. Eti Sekela atakaa hapa kwangu, na yeye hawezi kumwachia mzee kazi yote peke yake. Anakaa mpaka arobaini iishe.

Mzee!

Jumapili, 8 Juni

Anaishi kwangu.

Nimeamka, mtoto kashaogeshwa. Uji wake Sekela kaumaliza na kulamba kijiko, wangu kaonja akasema Mungu akubariki, bibi. Vyombo vyangu kavisugua mpaka sivitambui. Kuku wake wametaga uani kwangu siku ya kwanza tu, kwa kujionyesha. Waliotoka ibadani kuja kuona mtoto wamempa yeye pole ya safari na hongera ya gari. Gari! Wanadhani ni lake, kwa sababu ni safi!

Na mtoto kamkojolea yeye. Mkojo wa kwanza wa mtoto nyumbani ni baraka. Ulikuwa wangu ule.

Mbonile kanikalisha chini, mimi niliyemzaa. Eti mama, ulichotaka umekipata, Sekela yupo, mtoto yupo, mkwe ni mtu mwema, wivu ndio uliotufikisha kote kule, upumzike sasa. Wivu? Mimi? Nikamwuliza nani alibuni wazo la kubadilishana magari. Bila wazo lile mtoto angekuwa Chapwa saa hizi. Akatoka kwenda kuwapa kuku wa Mama Ayoub pumba.

Nimemsikia Mama Ayoub huko chumbani anamwimbia mtoto. Sauti nzuri. Mtoto kanyamaza kabisa.

Basi nimeamua. Kesho namwambia Mama Ayoub kwa masikitiko makubwa kwamba chumba nilichompa kinavuja, arudi kwake asije akapata homa ya mapafu, masikini. Mbonile atasema huu ni Juni, mvua zimekwisha zamani. Najua ni Juni. Ndoo ya maji ninayo, na nikisimama kwenye kiti dari naifikia.