Gari Lisinuke Jumapili

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anaondoka Jumapili. Anahamia ng'ambo kwa mumewe, na kurudi si leo wala kesho. Ameniomba nimpeleke uwanja wa ndege. Mimi! Si Bwana Kimya! (Bwana Kimya ni mume wa sasa wa mama yake. Nilimpa jina hilo kwa kuwa yeye na gari lake la umeme hawatoi sauti.) Nimeruka kwa furaha mpaka nikagonga kichwa kwenye boneti.

Kikwazo: mama yake. Kapiga simu mchana kusema mtoto hatapanda ndege akinuka kama kituo cha mafuta. Sikubisha. Gari langu ni la mashindano, milango miwili, kabureta mbili, injini nimeijenga kwa mikono yangu. Likikimbia, safi kabisa. Likisimama kwenye taa za barabarani huku injini inaunguruma, linatoa harufu ya kuliza macho. Madereva wenzangu hufunga madirisha.

Mpango: kufikia Jumapili lisinuke hata chembe. Bwana Kimya atanikoma!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Fundi, rafiki yangu tangu enzi za mashindano. Kanusa bomba la moshi, kacheka. Anasema kamshafti niliyoweka, ule mhimili unaofungua vali za injini, ni ya mbio. Injini ikizunguka polepole, petroli nyingine inapita bila kuungua. Akaongeza mzunguko kidogo, akasogeza taimingi ya cheche, akabadilisha plagi. Harufu ikapungua nusu. Akaniambia basi, niishie hapo hapo, nisiguse tena, na siku zilizobaki nikae na mwanangu.

Nusu! Nusu ni ya wavivu. Nimemshukuru kwa adabu zote, nikarudi nyumbani kutafuta bisibisi.

Binti kapiga simu. Kapika, anataka nikale naye jioni. Nimemwambia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Kesho imefika, nimesema kesho. Kabureta ya kushoto nimeifungua na vipande vyake vimejaa meza ya kulia. Hata chai nimeinywa nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaja mwenyewe. Kakalia ndoo iliyopinduliwa, kanishikia tochi kama alivyokuwa akifanya utotoni. Akasema tuache kila kitu twende tukatembee, hata mpaka mwisho wa barabara tu. Nikamwambia amulike skrubu, anamulika ukuta. Akamulika skrubu. Akasema yeye harufu hii anaipenda. Alipokuwa mdogo ndiyo iliyotangulia kuingia ndani, akajua baba karudi, akalala usingizi. Nikamwambia asinifariji, mama yake ana haki. Tena atulize mkono, mwanga unacheza.

Akautuliza. Wakati wa kuondoka hakuaga vizuri, kasema macho yanamuwasha. Unaona? Petroli! Ushahidi mwingine. Nimeikaza ile skrubu, petroli ipungue tena.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Nimepiga magoti nyuma ya gari, pua kwenye bomba, nikavuta pumzi. Hakuna kitu! Ungeweza kuanika mashuka pale nyuma. Ni kweli injini inazimika-zimika ikishapata moto, lakini nani asiyechoka?

Binti kapiga simu. Jioni ya mwisho, ndugu wote wamekusanyika kwa mama yake, ananingoja. Nimemwambia nang'arisha bodi, siwezi kutoka. Tutaongea kesho njiani, safari ndefu, tutaongea mpaka tuchokane. Kisha akasema sawa, baba.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki vizuri, mkono mzito.

Nilitoka mapema, shati jipya, koti la gereji juu yake lisichafuke. Taa nyekundu ya kwanza, gari likazimika. Nikaliwasha. Ya pili, likazimika. Kila nikisimama, puu, kimya. Nililinyima petroli mno, sasa halina nguvu hata ya kungoja. Kwenye makutano makubwa likakata kabisa na betri ikaisha. Nyuma yangu honi mtindo mmoja. Ikabidi nimpigie simu mwanangu.

Akaja na mama yake kwenye gari la umeme la Bwana Kimya. Bwana Kimya hakunicheka. Afadhali angenicheka! Alishuka, akanisaidia kusukuma gari pembeni, akaniambia kuna nafasi nyuma, nipande twende wote. Mimi? Kwenye gari lile? Nikasema siwezi kuacha gari barabarani.

Binti akanikumbatia palepale kando ya lami. Akaficha uso kifuani kwangu, akavuta pumzi ndefu, akasema nanuka petroli. Alikuwa analia. Akaniomba koti la gereji aende nalo. Nikamwambia ni chafu mno, nitalifua kwanza nimtumie. Akasema hapana, hivi hivi lilivyo. Nikakataa, siwezi kumtia aibu mbele ya wakwe zake. Mama yake akaita, muda umekwisha.

Lile gari likaondoka bila sauti. Sikusikia hata lilipokata kona. Nimekaa nyuma ya usukani nikalia kama mtoto mpaka askari wa barabarani akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na moshi wowote.

Jumatano, 12 Machi

Binti kafika salama. Nyumba haikaliki, kila kona nasikia kama ananiita. Nimeigeuza ile ndoo, nikaikalia mwenyewe, nikainuka.

Kapiga simu leo. Hakuuliza gari. Kauliza koti, kama bado sijalifua. Mtoto hana subira! Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake hafanyi kazi nusu nusu. Nimelifua mara tatu. Nimeliloweka kwenye sabuni ya unga, nimelisugua kola kwa brashi, nimelianika juani mpaka likakakamaa. Nimelinusa kwapa zote mbili. Halinuki chochote, utadhani limetoka dukani.

Kesho nalipeleka posta. Atafurahi sana.